Vitamini D na mafua ya majira ya baridi: inazuia kweli au tunajifariji?

#1 Kobe Mwepesi (mwanzisha uzi)
Wakuu, salamu. Naomba tulijadili hili bila ushabiki. Kila baridi ikikaribia, watu wazima wenzangu kazini wanaanza kumeza vidonge vya vitamini D, na kila mmoja anaapa kuwa ndivyo vinavyomkinga na mafua. Ukiuliza ushahidi unaambiwa "kasome". Nimesoma, nimezidi kuchanganyikiwa. Huku wanasema imethibitishwa, kule wanasema ni biashara ya watu.

Swali langu ni hili: mtu mzima mwenye afya yake akimeza vitamini D msimu wote wa baridi, mafua yatampungua? Kama ndiyo, kwa kiasi gani? Kama hapana, mbona wengi wanaapa kwamba inawasaidia? Siulizi habari za mifupa na matege, hizo nazijua. Naulizia pua, koo na kikohozi.

#2 Simba Mpole
Inafanya kazi. Tangu nianze kumeza sijapenga kamasi. Uzi ufungwe.

#3 Ndumilakuwili
Mimi simezi na kamasi sijapenga vilevile. Tufunge nyuzi mbili.

#4 Mtafiti Uchwara
Msifunge kwanza. Mwaka 2017 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi wa Adrian Martineau na wenzake. Walikusanya majaribio 25 yenye watu karibu 11,000 wa rika zote, na hawakuridhika na muhtasari wa kila jaribio, walichukua taarifa za mshiriki mmoja mmoja. Waliopewa vitamini D, uwezekano wao wa kupata maambukizi ya njia ya hewa ulikuwa 0.88 ukilinganisha na waliopewa kidonge bandia. Yaani ulishuka kwa kama asilimia 12.

Kilichowasisimua watu kilikuwa ndani zaidi. Waliomeza kila siku au kila wiki walinufaika, waliobugia dozi kubwa kwa mkupuo hawakupata kitu. Na waliovuna zaidi ni wale waliokuwa na upungufu mkubwa kabisa, chini ya nanomoli 25 kwa lita.

#5 Simba Mpole
Nilisema. Asilimia 70 inapunguza, niliiona humo humo.

#6 Mtafiti Uchwara
Simba, hiyo 70 ni ya kile kikundi kidogo tu: wenye upungufu mkubwa NA waliokuwa wakimeza kila siku au kila wiki. Huwezi kuichukua ukawagawia watu wote kama peremende. Jumla ni 12.

#7 Nesi wa Zamu
Mnaishia 2017 kana kwamba dunia ilisimama hapo. Timu hiyo hiyo iliendelea kuhesabu. Mwaka 2021 walikuja na watu zaidi ya 48,000, na namba ikawa 0.92. Tena faida ilijitokeza kwa watoto wa mwaka 1 hadi 16, na kwa dozi ya kila siku ya IU (kipimo cha kimataifa cha vitamini) 400 hadi 1,000. Watu wazima, ambao ndio mwanzisha uzi anawaulizia, hawakung'ara.

Mwaka 2025 wakaongeza majaribio mapya, jumla ikapita watu 60,000. Namba ikafika 0.94, na ukingo wake wa juu ukagusa 1.00, yaani pale ambapo hakuna tofauti kabisa. Kwa lugha ya takwimu, hapo huwezi tena kusema kwa uhakika kwamba si bahati tu. Na vile vikundi vidogo vilivyokuwa vinasifiwa navyo havikuonyesha tofauti ya kueleweka.

Hebu zipangeni: 0.88, 0.92, 0.94. Ushahidi unaongezeka, faida inayeyuka. Mimi hilo linaniambia kitu.

#8 Simba Mpole
0.94 si bado ni chini ya moja?

#9 Ndumilakuwili
Simba umeng'ang'ania kama kupe.

#10 Bi Tausi
Nesi, namba zako nimezielewa, lakini kibaolojia jambo hili lina mantiki kubwa na hatuwezi kulipita hivi hivi. Chembe za kinga mwilini, zikiwemo zile zinazomeza vijidudu, zina vipokezi vya vitamini D. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwenye jarida la Science kuwa chembe hizo zikipata vitamini D ya kutosha hutengeneza protini inayoitwa kathelisidini, na hiyo inashambulia vimelea vya kifua kikuu. Ndiyo maana zamani wagonjwa wa kifua kikuu walikuwa wanaanikwa juani, na Niels Finsen akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Watu walijua kabla ya maabara.

#11 Mfamasia Mstaafu
Dada Tausi, la Nobel ni kweli na mwaka ni huo. Ila Finsen hasaidii hoja yako. Taa zake zilikuwa na lenzi, na lenzi hizo zilipokuja kupimwa baadaye ilionekana zilikuwa zinazuia mionzi mifupi, ile hasa inayotengeneza vitamini D kwenye ngozi. Mwanga wake ulikuwa unawaua vimelea palepale kwenye kidonda kwa njia nyingine. Pili, kifua kikuu ni bakteria, mafua ni virusi. Na kuua kimelea kwenye kisahani cha maabara ni kazi rahisi mno ukilinganisha na kumzuia mtu mzima asipige chafya mwezi wa kwanza.

#12 Bi Tausi
Kathelisidini imejaribiwa dhidi ya virusi pia, vya influenza na hata vya mafua ya kawaida. Kwa hiyo hoja ya bakteria hainisumbui. Finsen mchukue, sikumtegemea sana.

#13 Mwanga wa Asubuhi
Jamani mbona hamzungumzii jua lenyewe? Ngozi inahitaji mionzi ya UVB, sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho, ili itengeneze vitamini D. Ukienda kaskazini ya kutosha, wakati wa baridi jua linakuwa chini sana, mionzi inapita kwenye anga ndefu na hiyo UVB inaishia njiani. Kuna utafiti wa miaka ya 1980 uliofanywa Boston: kuanzia Novemba hadi Februari ngozi ilikuwa haitengenezi chochote hata siku ya anga safi. Edmonton, Kanada, kipindi hicho kilikuwa kirefu zaidi, Oktoba hadi Machi. Na kuota jua nyuma ya kioo cha dirisha hakusaidii, kioo kinaizuia UVB.

Sisi wenye ngozi nyeusi tunahitaji jua la muda mrefu zaidi kupata kiasi kile kile anachopata mwenye ngozi nyeupe. Ukihamia kwenye nchi za baridi na melanini yako, ukavaa koti hadi masikioni, ukaingia kazini giza ukatoka giza, akiba itatoka wapi? Mimi nilipimwa nikaambiwa niko chini sana. Nilipoanza kumeza, uchovu ulipungua na mafua yakawa si yale ya kunilaza kitandani.

#14 Kikohozi Sugu
Mwanga, nakubali kuhusu jua, nakataa kuhusu mafua. Vitamini D ikishuka wakati wa baridi na mafua yakipanda wakati wa baridi, haimaanishi moja linamzaa mwenzake. Baridi inaleta mambo mengi kwa pamoja.

Kuna jaribio la mwaka 2007 la simbilisi (wale wanyama wadogo wa maabara, "guinea pig"): homa ya influenza iliambukizana kwa urahisi zaidi kwenye hewa ya baridi na kavu, na ilipata shida hewa ilipokuwa ya joto na unyevunyevu. Kuna jingine la 2015 kwenye chembe za njia ya hewa za panya: kinga ya chembe ilikuwa dhaifu kwenye nyuzijoto 33, ambalo ndilo joto la ndani ya pua, kuliko 37, na virusi vya mafua vikazaliana kwa raha zao. Kwa hiyo pua iliyopoa yenyewe ni mlango wazi. Hapo vitamini D iko wapi?

#15 Simba Mpole
Basi tumeze vitamini D na tufunike pua. Tatizo limekwisha.

#16 Jirani Mwema
Nyote mmesahau jambo rahisi. Wakati wa baridi watu wanajifungia ndani, madirisha yamefungwa, hewa haizunguki, mmoja akikohoa ofisi nzima imepata. Hayo mengine ni mapambo.

#17 Kobe Mwepesi
Ahsanteni, nasoma yote. Jirani, kama sababu ni kujifungia ndani, mbona nchi za joto, ambako watu wanashinda nje na jua lipo mwaka mzima, mafua yapo tele?

#18 Mtafiti Uchwara
Swali zuri. Kwenye tropiki influenza huzunguka karibu mwaka mzima na sehemu nyingi hupanda msimu wa mvua. Hilo linawatia tumbo joto watu wa hewa kavu (Kikohozi, upo?) na watu wa jua kwa pamoja. Watu wa kujifungia ndani wana nafuu kidogo, maana mvua nayo inafungia watu.

#19 Kikohozi Sugu
Nipo. Sijasema hewa kavu ndiyo sababu pekee.

#20 Nesi wa Zamu
Mimi nina jambo linalowasumbua watu wa vitamini D kuliko hilo la tropiki. Virusi vinavyoongoza kwa mafua ya kawaida ni rinovirusi. Katika nchi zenye baridi, rinovirusi hupanda sana mwanzo wa vuli, kama Septemba, watoto wakirudi shule, na hupanda tena majira ya kuchipua. Sasa Septemba ndipo watu wametoka kwenye kiangazi, vitamini D yao iko karibu na kilele. Kama vitamini D ndiyo ngao, kwa nini mafua yanaanza ngao ikiwa nzima?

#21 Bi Tausi
Kwa sababu mafua si rinovirusi peke yake. Influenza, RSV (kirusi kingine cha njia ya hewa) na virusi vya korona vya kawaida vinapanda katikati ya baridi, akiba ikiwa imepungua. Rinovirusi wanasukumwa na shule. Huwezi kuchukua kirusi kimoja ukafuta hoja yote.

#22 Nesi wa Zamu
Na wewe huwezi kuchukua vinavyokufaa ukaacha kinacholeta mafua mengi kuliko vyote.

#23 Ndumilakuwili
Naleta kiti.

#24 Daktari wa Kijiweni
Wakuu mnapoteza muda. Dawa ni dozi. Hizo IU 400 mnazotaja ni za watoto wachanga. Chukua IU 200,000 mara moja kwa mwezi, mwili ujae, usahau mafua. Ikizidi unaikojoa tu. Mwenye kuhitaji anicheki pembeni, ninazo.

#25 Mfamasia Mstaafu
Tuanze na mkojo. Inayotoka kwa mkojo ikizidi ni vitamini C. Vitamini D inayeyuka kwenye mafuta, na mwili unaihifadhi. Ikirundikana inapandisha kalsiamu kwenye damu: kiu isiyoisha, kutapika, choo kigumu, kuchanganyikiwa, na figo zinaweza kuharibika. Kikomo cha juu kwa mtu mzima, bila usimamizi wa daktari, kimewekwa IU 4,000 kwa siku Marekani na pia Ulaya.

Halafu hiyo dozi unayoisifia ilishajaribiwa New Zealand, matokeo yakatoka kwenye jarida la kitabibu la JAMA mwaka 2012. Watu wazima 322 wenye afya, nusu walipewa IU 200,000 kwa mwezi kwa miezi miwili ya kwanza, kisha 100,000 kila mwezi, jumla mwaka mmoja na nusu. Waliopewa vitamini walipata wastani wa mafua 3.7 kila mmoja, waliopewa kidonge bandia 3.8.

#26 Ndumilakuwili
Tofauti ya 0.1. Hiyo ni chafya moja.

#27 Daktari wa Kijiweni
Hao wa New Zealand walikuwa hawana upungufu. Ungewapa wenye upungufu ungeona maajabu.

#28 Mtafiti Uchwara
Kwa mara ya kwanza Daktari wa Kijiweni kasema la maana. Wengi wao walianza na kiwango kizuri tu. Mtungi uliojaa ukiuongezea maji yanamwagika. Na kuna wanaodhani dozi kubwa ya mkupuo inauamsha mwili uanze kuivunja vitamini yenyewe, ndiyo maana ya kila siku ilionekana bora mwaka 2017. Hiyo ya mwisho bado ni dhana.

#29 Nesi wa Zamu
Hoja ya mtungi naisikia kila siku. Shida yake ni kwamba kila jaribio likishindwa, mnasema watu hawakuwa na upungufu wa kutosha. Tuchukue Uingereza, matokeo ya 2022: watu wazima 6,200, sehemu yao wakapewa nafasi ya kupimwa, na waliokutwa chini ya nanomoli 75 kwa lita wakapewa IU 800 au 3,200 kila siku kwa miezi sita. Kila siku, si mkupuo. Maambukizi ya njia ya hewa hayakupungua, Covid haikupungua. Mwaka huo huo Norway: watu wazima karibu 35,000, nusu wakapewa kijiko cha mafuta ya ini la samaki chenye mikrogramu 10 za vitamini D, nusu mafuta ya mahindi, msimu mzima wa baridi. Hakuna tofauti.

#30 Mwanga wa Asubuhi
Lakini Nesi, hiyo ya Uingereza ilifanyika wakati wa janga, watu walikuwa wamejifungia, barakoa usoni. Na wale wa kundi la kulinganishwa hawakukatazwa kumeza vitamini D yao wenyewe, na wengi walimeza. Utapimaje tofauti kati ya wanaomeza na wanaomeza?

#31 Nesi wa Zamu
Hilo nakupa. La Norway je?

#32 Mwanga wa Asubuhi
Norway wengi walikuwa na kiwango cha kutosha.

#33 Nesi wa Zamu
Mtungi tena 😂

#34 Kikohozi Sugu
Tuongeze na hili: zile tafiti za awali, kama ile ya Marekani ya 2009 iliyotazama watu karibu 19,000 ikakuta wenye vitamini D kidogo ndio walioripoti mafua zaidi, hazikumpa mtu kidonge. Zilipima damu na kuuliza. Mwenye damu yenye vitamini D nyingi mara nyingi ni yule anayefanya mazoezi nje, hana uzito mkubwa, hana ugonjwa sugu. Uzito mkubwa peke yake unashusha kiwango kwenye damu. Na mwili ukiwa na uvimbe au maradhi, kipimo kinaweza kushuka. Kwa hiyo huenda vitamini D ni dalili tu ya afya nzuri, si chanzo chake.

#35 Asali Chungu
Naomba niingize kisa, maana #24 amenitia wasiwasi. Shemeji yangu aliandikiwa vidonge vya IU 50,000, kimoja kwa wiki. Yeye akameza kimoja kila siku, akisema baridi ya mwaka huo ilikuwa kali. Alianza kukojoa usiku kucha, tumbo likagoma, akawa anaongea vitu havieleweki. Tulidhani malaria ya kichwa. Vipimo vikaonyesha kalsiamu iko juu vibaya. Alilazwa akamwagiwa maji ya dripu. Sasa yupo salama, ila figo anazifuatilia mpaka leo. Na mafua yalimpata humo humo wodini.

#36 Simba Mpole
Pole sana dada. Mimi nameza ya kawaida, 25 kwa siku.

#37 Mfamasia Mstaafu
Simba, 25 nini? Mikrogramu au IU? Soma boksi. Mikrogramu 1 ni IU 40. Kama ni mikrogramu 25, ni IU 1,000, uko salama. Kama ni IU 25, basi umekuwa ukijikinga na mafua kwa vumbi.

#38 Simba Mpole
Ngoja niangalie.

#39 Ndumilakuwili
Wakuu, mgonjwa wetu wa mfano ameenda kusoma boksi. Uzi usifungwe.

#40 Kwachukwachu
Na vitamini C na zinki? Mimi ndizo nazomeza nikianza kusikia koo linawasha.

#41 Mtafiti Uchwara
Vitamini C kwa watu wa kawaida haizuii mafua, ila wanaoimeza kila siku mafua yao huisha mapema kidogo, kama asilimia 8 kwa watu wazima. Waliopata kinga ya kweli ni watu walio kwenye suluba kali: wakimbiaji wa marathoni, wachezaji wa ski na askari kwenye baridi. Kwao mafua yalipungua karibu nusu. Kusubiri koo liwashe ndipo uanze kumeza hakujaonyesha faida ya uhakika.

Zinki ya kumung'unya inabishaniwa. Ya kupaka au kupuliza puani iacheni kabisa. Mwaka 2009 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo baada ya watu kupoteza uwezo wa kunusa.

#42 Jirani Mwema
Kwa hiyo tunarudi kwenye kufungua dirisha na kunawa mikono. Nilisema.

#43 Kobe Mwepesi
Wadau mmenifungua macho, ingawa sijajua nielekee wapi. Tuseme nimekata tamaa kuhusu mafua. Bado nimeze?

#44 Nesi wa Zamu
Kwa ajili ya mifupa na misuli, sehemu yenye baridi ndefu, ndiyo. Serikali ya Uingereza inashauri kila mtu afikirie mikrogramu 10 kwa siku wakati wa vuli na baridi, na wenye ngozi nyeusi wafikirie mwaka mzima. Meza pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Ila wenye sarkoidosisi (ugonjwa wa uvimbe unaoweza kupandisha kalsiamu), wenye historia ya vijiwe vya figo, au wanaotumia dawa za presha za jamii ya thiazidi waongee na daktari kwanza.

#45 Mfamasia Mstaafu
Nakazia. Na Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani, kwenye mwongozo wake wa 2024, haipendekezi mtu mzima mwenye afya chini ya miaka 75 azidishe kiwango cha kawaida cha kila siku, wala kupimwa kama desturi. Kwa watoto na vijana imeacha mlango wazi kuhusu maambukizi ya njia ya hewa.

#46 Bi Tausi
Umeona? Mlango wazi.

#47 Nesi wa Zamu
Kwa watoto, Tausi. Wa-to-to.

#48 Mwanga wa Asubuhi
Mimi kutopimwa sikubaliani nako. Bila kipimo nisingejua nilikuwa chini kiasi kile. Anayetaka kujua ukweli apime mwisho wa baridi, ndipo akiba inakuwa chini kabisa. Ukipima Septemba utajisifu bure.

#49 Kwachukwachu
Samahani kutoka nje ya mada. Hivi hii D3 ya kwenye vidonge inatoka kwenye nini? Rafiki yangu hali kitu chochote cha mnyama.

#50 Mfamasia Mstaafu
Nyingi inatengenezwa kutokana na mafuta ya sufu ya kondoo, yanapigwa mionzi ya UV. Ipo ya kuvu-mwani pia, aangalie boksi. D2 nayo haitoki kwa mnyama, ila kwa kupandisha kiwango cha damu D3 huwa na nguvu zaidi.

#51 Ndumilakuwili
Kumbe Simba anakula kondoo kila asubuhi.

#52 Simba Mpole
Nimerudi. Ni mikrogramu. Na mtu asiniambie niache msimu mmoja ili tulinganishe, najua Nesi ndicho anachotaka kusema.

#53 Nesi wa Zamu
Mtu mmoja hatoshi kwa jaribio. Endelea kumeza, ila Daktari wa Kijiweni akikutumia ujumbe pembeni usifungue.